Tabasamu la Kuvukia Mpaka

Nchi ninayoisimulia hapa haipo. Wenyeji wake wenyewe ndio walioniomba niseme hivyo, na mimi ni mtu wa kutii. Basi msomaji akiona mahali anapopafahamu, asinilaumu, akapimwe macho.

Katika nchi hiyo isiyokuwepo watu wote walikuwa na furaha. Wala si furaha ya kubahatisha kama ya kwetu sisi, inayokuja mtu akialikwa harusini na kutoweka akiumwa jino. Furaha yao ilikuwa ya kikatiba. Ilikuwa na wizara yake, wizara ilikuwa na jengo refu la vioo, na ndani ya jengo kulikuwa na lifti ambayo haikupanda tena tangu siku ilipozinduliwa. Mlangoni pa lifti walibandika bango: TUNAPANDA NGAZI KWA FURAHA. Na kweli walipanda, huku wakihema na kuchekelea.

Kandida alizipanda ngazi hizo mpaka magoti yakazizoea. Alikuwa fundi cherehani kutoka nchi jirani, mwanamke mnene kiasi, mtaratibu, mwenye uso wa kununa. Nautaja uso wake mapema kwa sababu kesi yote inahusu uso. Hakuwa na kinyongo na mtu. Ni kwamba tangu usichana wake alishona akiwa amebana pini midomoni, na mtu aliyebana pini midomoni hachekicheki, atazimeza. Miaka ikapita, uso ukazoea. Hata siku ambazo hakushona, hata kanisani, midomo yake ilikaa vilevile, imebanwa, nyusi zimekutana, kama mtu anayetafuta mahali mshono ulipoachia. Mumewe, Mwalimu Fulgensi, aliupenda uso huo. Alisema ni uso wa mtu aliye kazini.

Mara ya kwanza alikwenda nchi ile kwa kibarua tu, kushona sare za Makao ya Taifa ya Watoto Wenye Furaha. Watoto wenyewe walikuwa yatima, lakini neno hilo lilikuwa limefutwa. Chini ya meza ya cherehani akajikalisha mtoto mmoja wa kike, mdogo bado, aitwaye Mboni. Hakuna aliyemtuma. Kandida akiangusha pini, mkono mdogo ulichomoza kutoka chini ya meza na pini ndani ya kiganja. Kandida aliipokea, akaibana mdomoni, akaendelea kushona. Hawakuambiana neno. Ikawa hivyo mpaka sare zikaisha, naye akarudi kwao.

Siku ya kwanza alipoangusha pini nyumbani kwake, Kandida aliteremsha mkono chini ya meza, akakunjua kiganja, akangoja. Alikaa hivyo kitambo. Kisha akanyanyuka, akaenda shuleni kwa mumewe, akamtoa nje ya darasa.

"Kuna mtoto," akamwambia.

Wawili hao hawakuwa wamejaliwa mtoto. Walikwishazunguka hospitali na sala zote, wakalia, wakamaliza kulia. Fulgensi alishika chaki yake bila kujua aiweke wapi. Akauliza swali moja tu: "Anaitwa nani?"

* * *

Walidhani ni jambo la majuma machache. Fulgensi abaki na wanafunzi wake na kumtengenezea mtoto chumba, Kandida aende akamalize taratibu. Akafungasha magauni mawili na mkasi wake, akapanda treni.

Sheria ya nchi ile ilitaka mgeni anayeomba mtoto aishi humohumo nchini mpaka ombi likamilike, ili taifa limzoee. Akitoka nje ya mpaka hata kwa kwenda kuzika, ombi linakufa. Kwa ajili ya watu hao ilijengwa Hosteli ya Waombaji. Mwombaji ndilo jina lao rasmi. Kujiita mama au baba kabla ya saini lilikuwa kosa, na adhabu yake ilikuwa kuanza upya. Mtoto naye alifundishwa kumwita mwombaji wake "Mgeni".

Aliyempokea mlangoni alikuwa mzee wa Kizungu mwenye ndevu nyeupe na kandambili, Bwana Anselmi, mtu wa nchi za baridi ambaye alikaa pale hadi akaanza kuota kwa Kiswahili.

"Karibu, mama. Umeshakula? Hapa wali unaiva saa saba. Ukizubaa utakuta ukoko."

"Asante, baba. Na wewe unangoja mtoto?"

"Nangoja. Yule pale."

Akaonyesha dirishani. Ng'ambo ya barabara alipita kijana mrefu mwenye tai na ndevu zilizochongwa, anatafuna hindi la kuchoma.

"Yule si karani wa wizarani?" Kandida akauliza. "Asubuhi ndiye aliyenipokea."

"Ndiye. Zabroni. Nilipomwomba alikuwa hajaota jino. Siku hizi faili langu liko mezani kwake."

"Basi si alipitishe mwenyewe!"

"Hawezi. Itakuwa amejipendelea." Mzee alisema hivyo kwa fahari, kama baba yeyote anayesifia mwanawe. "Ni kijana mwadilifu sana, yule."

Kandida alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta, na Bwana Anselmi akacheka naye kwa adabu, kwa kuwa alikuwa ameshawaona wengi wakicheka mahali hapohapo siku ya kwanza.

* * *

Sheria ya Watoto ya nchi ile ilisema: mtoto wa taifa hatakabidhiwa kwa mtu mwenye huzuni. Nani atabisha? Ni sheria nzuri. Mimi mwenyewe ningeipigia kura, kama ingekuwa nchi ya kupiga kura.

Aliyeisimamia alikuwa Mkaguzi wa Furaha, Bwana Mashaka, mtu mwembamba wa suti ya kijivu, ambaye yeye binafsi alisamehewa kutabasamu kwa sababu za kikazi. Kila Ijumaa alifika hostelini na rula ya plastiki kama za watoto wa shule na tochi ndogo ya kumulika magego. Waombaji walipangwa ukumbini.

"Mwombaji, tabasamu."

Kandida akatabasamu.

"Hilo ni nini?"

"Tabasamu, mheshimiwa."

"Hilo ni tabasamu la mtu aliyekanyagwa mguu anasema hajaumia." Akaweka rula shavuni. "Halijafika popote. Na nyusi hizi je? Nyusi zinafanya kikao gani hapa katikati?"

"Mheshimiwa, sura yangu ndivyo ilivyoumbwa. Lakini moyoni nina furaha. Nikimwona yule mtoto moyo wangu unajaa."

"Moyo uko Wizara ya Afya," Bwana Mashaka akasema. "Sisi tunashughulika na uso."

Akatamka kwamba furaha ya mwombaji haijakomaa. Faili la aliyeshindwa huteremshwa mpaka ghorofa ya chini likaanze kupanda upya, na kuhusu lifti nimeshaeleza.

Kandida alirudi chumbani akakaa kitandani. Alikuwa na hasira kali. Alijiambia ni jambo la Ijumaa moja. Ijumaa iliyofuata nyusi zake zilikutana tena, na iliyofuata, na masika yakaingia.

* * *

Jumapili ilikuwa siku ya kuwaona watoto. Mboni aliletwa ukumbini na Mlezi Mkuu, amechanwa nywele, ametabasamu kwa kipimo.

"Shikamoo, Mgeni."

"Marahaba, Mboni. Hujambo?"

"Sijambo na nina furaha."

Mlezi Mkuu akishatoka, Mboni alilivua tabasamu lile kama mtu anayevua viatu vinavyombana, akaingia chini ya meza. Kandida alikuwa ameazima cherehani ya Makao. Alimshonea gauni la kitenge lenye upindo mpana, mpana kupita kiasi, maana alishaanza kuielewa nchi. Mtoto kila alipokua kidogo, yeye alifumua upindo na kuushusha.

Jumapili moja Mboni alikuwa amesimama juu ya kiti, Kandida amepiga magoti mbele yake anauweka sawa upindo, pini midomoni. Pini zikianguka mtoto anaruka chini, anaziokota, anapanda tena. Mvua ilikuwa inapiga bati. Walikuwa na raha, wote wawili, raha ya kweli, na hakuna aliyetabasamu.

Mlango ukafunguliwa. Bwana Mashaka alikuwa amekuja kwa ukaguzi wa kushtukiza.

"Mnafanya nini?"

Kandida hakuweza kujibu kwa sababu ya pini. Mboni akajibu kwa niaba yake.

"Tunashona."

"Mbona mmenuna?"

"Hatujanuna. Tunashona."

Bwana Mashaka alimulika uso wa mmoja, akamulika wa mwingine. Nyusi za mtoto zilikuwa zimekutana. Midomo yake ilikuwa imebanwa, na hakuna pini ndani.

"Unaona!" akamwambia Mlezi Mkuu aliyekuwa nyuma yake. "Ameshaambukizwa."

Wizara ikakutana. Kushona mbele ya mtoto kukatangazwa kuwa shughuli inayozalisha nyuso zisizofaa. Cherehani ikafungwa kwa muhuri wa nta. Kopo la pini likachukuliwa na askari. Faili la Kandida likateremshwa, mara hii mpaka stoo. Ila kwa haraka yao hakuna aliyekumbuka kwamba upindo wa gauni ulikuwa umeshikizwa tu, haujashonwa, kwa hiyo mtoto alibaki amevaa pini. Mboni hakumwambia mtu. Alijifunza kukaa kwa uangalifu.

* * *

Baada ya hapo Kandida akaanza mazoezi. Alfajiri Waombaji walijipanga kwenye kioo cha bafuni, kila mtu na mdomo wake. Bwana Anselmi alikuwa mwalimu mzuri. Yeye tabasamu lake lilikuwa daraja la kwanza tangu zamani, likakwama kwa mambo mengine.

"Tatizo lako unafikiri," alimwambia. "Ukifikiri, macho yanakusema. Inua mashavu tu, mama, uyaache hukohuko. Wewe nenda zako."

"Niende wapi?"

"Popote. Mimi huwa nahesabu vigae."

Mwanzoni mashavu yaliuma, hata kutafuna ikawa taabu. Kisha yakaacha kuuma. Na yalipoacha kuuma, vitu vingine navyo viliacha, kimoja baada ya kingine, bila kuaga. Wali ulikuwa wali. Mvua ilikuwa mvua, ikaisha, likaja jua, nalo likawa jua. Kandida alifua, alianika, alianua. Ijumaa alipimwa, Jumapili alikwenda Makao. Hasira aliyokuwa nayo aliitafuta siku moja, kama mtu anayetafuta ufunguo, hakuiona, akaacha.

Fulgensi alipiga simu jioni.

"Mama Mboni," alisema. Huko nyumbani mtaa mzima ulishaanza kumwita hivyo, hata mwenye duka.

"Naam."

"Chumba nimeshapaka rangi. Ile ya njano uliyosema."

"Vizuri."

"Na kitanda nimeleta. Nikaona kimekuwa kidogo, maana siku zimekwenda. Nikakirudisha kwa fundi akirefushe."

"Vizuri."

"Unalia, mke wangu?"

"Hapana."

"Kuna kitu kwenye sauti yako. Unacheka?"

"Sijui. Ngoja nishike." Akapeleka mkono usoni, akapapasa. "Ndiyo. Nacheka."

Kandida alisikia jogoo wa jirani yao akiwika kule, wakati usio wake, na akakumbuka kwamba zamani jogoo huyo alikuwa akimkera.

"Rudi," Fulgensi akasema. "Rudi upumzike kidogo, tutajaribu tena."

"Nikivuka tu ombi limekufa. Unalijua hilo, Baba Mboni."

"Najua. Nimesema tu."

Gauni la kitenge likapanda, likafika magotini, likafika mapajani, hatimaye Mlezi Mkuu akampa Mboni sketi avae chini yake, gauni likawa blauzi. Meno ya mbele yaling'oka, yakaota mengine, makubwa. Mboni alijua kusoma. Kandida aliyaona hayo yote na hayakumgusa popote. Jambo hilo lilimtia hofu kwa muda, halafu hofu yenyewe ikachoka.

Jumapili moja Mboni alimtazama sana.

"Mgeni, unaumwa?"

"Siumwi. Nimefurahi."

"Vua tabasamu, basi. Mlezi ameshaondoka."

Kandida alijaribu kuyashusha mashavu. Hayakushuka. Akajaribu kwa mkono, yalirudi juu. Mboni akaingia chini ya meza, akakaa kule mpaka saa ya kuonana ilipokwisha, ingawa hapakuwa na pini ya kuokota.

Ijumaa iliyofuata Bwana Mashaka aliweka rula, akaitoa, akaiweka tena upande wa pili. Akamulika. Aliita wakaguzi wenzake waliokuwa nje, wakaja wakasimama mbele ya uso ule kama watu walioletewa mzigo waliouagiza siku nyingi.

"Tazameni macho," alisema kwa sauti ya chini. "Hayana kitu ndani. Ni furaha tupu."

Wakampiga picha. Picha ikawekwa kwenye bango jipya pale mlangoni pa lifti, chini yake maneno: FURAHA INAWEZEKANA.

* * *

Siku ya kukabidhiwa ilikuja wakati Kandida alikuwa ameshaacha kuingoja. Bendi ilipiga. Watumishi wa wizara waliteremka ngazi kwa furaha. Waziri mwenyewe alisimama juu ya jukwaa, kitambaa cha jasho mkononi.

"Ndugu wananchi!" alianza. "Leo taifa linajikata kidole na kumpa jirani! Mataifa mengine hutoa misaada ya unga, sisi tunatoa watoto! Wanaotuonea wivu wanasema eti taratibu zetu ni ndefu. Nawaambia: upendo hauna haraka! Huyu Mwombaji hapa alikuja kwetu na uso usiofaa hata kuulizia njia. Leo hii mwangalieni! Nani amempa uso huo? Ni sisi!"

Watu wakapiga makofi. Kandida alitabasamu, hakuwa na namna nyingine.

"Sasa wapo watakaouliza, je, mtoto anaondoka kwa hiari? Nauliza mimi: mtoto gani mwenye akili ataiacha nchi hii bila uchungu? Kwa hiyo mtoto ataumia, na atalia sasa hivi kwa mujibu wa ratiba."

Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya pili. Mtoto anayetolewa nchini sharti alie, na alie mpaka mpakani. Anayempokea naye sharti atabasamu, mpaka mpakani. Kulia kulifundishwa Makao asubuhi, kabla ya hesabu, na Mboni alikuwa wa kwanza darasani. Zabroni, karani, akatoa ishara kwa kalamu. Mboni akalia. Hakupiga kelele. Machozi yalimtoka sawasawa, macho yote mawili, huku mabega yakipanda na kushuka vizuri kabisa. Mke wa Waziri alisema hajapata kuona kilio safi kama kile.

Zabroni alipita safu ya nyuma akipeleka karatasi za kutiwa saini, na hapo alikaa Bwana Anselmi.

"Umekula?" mzee akamwuliza.

"Nimekula, Mwombaji."

"Koti lako liko wapi? Jioni hii kuna baridi."

"Nitalivaa, Mwombaji. Usiwe na wasiwasi."

Kandida aliyasikia maneno yale. Katika ukumbi mzima ndiyo pekee yaliyokuwa hayamo kwenye ratiba. Alijua ni maneno ya kumchoma mtu moyo, akajingoja achomeke, halafu wakamwita mbele kuweka saini.

* * *

Treni iliondoka alasiri. Bwana Mashaka alikaa mkabala nao, rula mfukoni, akawasindikiza mpaka stesheni ya mwisho ya nchi yake. Hapo alishuka bila kuaga, kwa sababu mamlaka yake yalikuwa yamekwisha. Treni ikavuka daraja. Chini yake maji yalikuwa ya rangi ileile pande zote mbili.

Hakuna aliyekumbuka kuwaambia waache. Mboni aliendelea kulia, machozi yanateremka na kulowesha kola ya ile blauzi iliyokuwa gauni. Kandida aliendelea kutabasamu. Walikaa hivyo, bega kwa bega, mbuga zikipita dirishani, na sasa ilikuwa nchi ya Kandida, ambayo mimi sina ruhusa ya kuisema kwa mabaya wala kwa mema.

Afisa uhamiaji aliingia behewani. Alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kwa uzi, mchovu, anayewahi kumaliza zamu. Alisimama mbele yao akaacha kuwahi.

"Habari za safari, mama?"

"Nzuri," akasema Kandida, meno yote nje.

"Mtoto analia nini?"

Kandida alifungua mdomo aeleze. Ulifunguka kwa upana uleule.

"Na wewe unacheka nini?"

Kandida akampa karatasi. Zilikuwa nyingi, zenye mihuri ya dhahabu, na mmoja ulikuwa na alama ya jua linalochomoza likicheka. Afisa alizipitia zote, kisha akazikunja.

"Karatasi nimeziona, mama, tena nzuri. Hata wezi wa watoto wanazo nzuri. Mimi nina wajukuu. Mtoto analia hivi, na mtu aliyemshika anakenua hivi, sijawahi kuona." Akainama. "Mwanangu, usiogope. Huyu unamjua?"

Mboni aligeuka akamtazama Kandida. Alimtazama mashavu yaliyoinuka, meno, macho yasiyo na kitu. Alitazama kwa uaminifu, kama mtoto aliyefundishwa kusema kweli kwa wakubwa, na machozi hayakusimama.

"Huyu simjui," akasema.

Afisa akanyooka. "Haya, mama. Chukua mizigo yako. Tutashuka wote stesheni inayokuja, na huyu mtoto atakaa na mimi."

Kandida aliyasikia vizuri. Alielewa kila neno: chumba cha njano, kitanda kilichorefushwa, Fulgensi amesimama stesheni na shati la Jumapili, na treni inafika bila wao. Aliyaelewa kama mtu anayesomewa habari za mji wa mbali. Tabasamu halikuyumba. Afisa alimwona anazidi kucheka, akaenda mlangoni kumwita askari.

Hapo mkono wa Kandida uliteremka. Hakuutuma. Uliteremka wenyewe pembeni ya goti, chini ya kimeza cha dirishani, kiganja kikakunjuka, ukangoja.

Mboni aliuona mkono. Kilio kikakatika katikati ya pumzi, bila ishara ya mtu. Alipapasa upindo wa blauzi yake, taratibu, kwa mazoea ya siku nyingi za kukaa kwa uangalifu. Pini zote zilikuwa zimedondoka na kupotea, imebaki moja. Akaichomoa. Akainama chini ya kimeza, na kutoka huko akaiweka kiganjani.

Kandida aliipokea, akaibana mdomoni. Midomo ikafunga. Shavu moja likashuka, kisha la pili, na nyusi zikasogeleana polepole mpaka zikakutana.

Afisa alirudi na askari nyuma yake. Alimkuta mwanamke mwingine kabisa, amenuna, na mtoto amesimama mbele yake anamkagua kwa karibu, naye nyusi zimekutana.

"Huyu namjua," Mboni akasema.

"Sasa hivi umesema humjui. Ni nani?"

"Ni mama."

Askari akamtazama afisa. Afisa akatazama nyuso zile mbili, huu na huu, muda mrefu kuliko alivyozitazama karatasi. Kisha akavua miwani, akaipangusa kwa upindo wa sare yake, akarudisha karatasi kwenye mapaja ya Kandida bila kuzifungua tena.

Pini ilikuwa imeshika kutu kwa kukaa siku nyingi kwenye nguo. Ilimchoma mdomo wa chini. Kandida alisikia ladha ya damu, akasikia maumivu, madogo, makali, ya kwake mwenyewe. Iliuma. Akaibana zaidi.